Hodi Dukani

Asubuhi ambayo wageni wake walikuwa wafike, Msusi alikunja kipande cha kadibodi, akakiweka chini ya mguu mfupi wa kitanda, kisha akakikalia kitanda aone kama bado kinayumba. Kiliyumba kidogo tu, kiasi ambacho mgeni mwenye adabu angejitia hamnazo. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la kufulia nguo, na mashine za chini zilitikisa sakafu mchana kutwa, mtikisiko mdogo ambao ukishauzoea huusikii mpaka uzimwe. Alikuwa ameazima kwa dobi viti viwili, shuka moja na vikombe vya chai. Dobi, aliyekuwa hajawahi kumwona akihitaji kiti hata kimoja, alimuuliza nani amefariki. Msusi akamwambia hajafa mtu, anapata wageni.

Alikuwa amechoka hata kabla hawajafika. Haukuwa uchovu wa maandalizi. Ulikuwa ule wake wa siku zote, anaolala nao na kuamka nao, na hakuona haki kuwasingizia wageni.

Jina la Msusi alikuja nalo kutoka kwao. Huko alikuwa akiwasuka watu nywele kibarazani kwa mama yake. Huku ugenini hakuna aliyempa kichwa chake, kwa hiyo akasuka vikapu. Kazi ni ile ile, aliwaambia wa nyumbani kwenye simu: unagawa mafungu matatu, unakaza, unafuata njia, tofauti ni kwamba kikapu hakikunji uso. Alisuka katika chumba cha nyuma cha duka la vitu vya asili, akitazamana na ukuta, karai la majani yaliyolowekwa likiwa miguuni pake. Mbele, dirishani, alikaa kikongwe mzaliwa wa mji ule ambaye kazi yake ilikuwa kushika kikapu kilichofika nusu. Bibi wa Dirishani hakujua kusuka, na mama yake pia hakujua. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, na nusu ile ya kikapu ilikaa mapajani mwake mpaka ikashika vumbi, ndipo Msusi akamletea nusu nyingine. Vikapu vilivyokamilika vilibandikwa kibandiko kimoja: Kazi ya mikono ya wenyeji.

Kwenye kibali chake, Msusi alikuwa mfagiaji. Si uongo mtupu, maana alifagia pia. Ila kulikuwa na jambo lililomkosesha raha, nalo ni hili: fundi akitoka katika nchi ile kwenda kwao, hurudi. Mfagiaji akitoka, kibali chake hubaki mpakani, na yeye hubaki upande wa pili. Miaka yote hiyo Mwenye Duka alikuwa akimwahidi kwamba atamwandika fundi mambo yakikaa sawa. Mambo yalikuwa hayajakaa. Na mama yake Msusi alikuwa anazeeka bila kumsubiri Mwenye Duka.

Wageni waliteremka stendi jioni, wamevimba miguu kwa safari. Mama Pacha alikuwa rafiki yake tangu wote wawili wana mapengo, na kichwa chake ndicho cha kwanza Msusi kukisuka na kukiharibu. Mumewe, Mwalimu, alikuwa amestaafu kufundisha hesabu lakini hesabu zilikuwa hazijamwacha. Walikuwa wanakwenda kumwona mmoja wa pacha wao aliyekuwa akisoma mji wa jirani, wakaamua kupitia hapa.

"Umekonda," alisema Mama Pacha.

"Ni baridi."

"Baridi inakondesha mashavu, haikondeshi shingo. Haya, tupeleke kwako, mwenyeji wetu."

Neno hilo lilimshtua Msusi kidogo. Ilikuwa zamani tangu aitwe mwenyeji. Mitaani pale aliitwa mgeni kwa heshima na mgeni bila heshima, na yeye mwenyewe alishazoea kupita pembeni mwa njia. Sasa alibeba begi la rafiki yake akatangulia mbele, akionyesha hili ni soko, ile ni mahakama, ingawa hakuwa na hakika sana na mahakama.

Wakanywa chai kitandani na vitini. Mama Pacha akasubiri mumewe anawe miguu, ndipo akatoa ujumbe aliotumwa.

"Mama yako macho yamemfunga kabisa sasa. Anatambua mchana na usiku, basi. Amesema, mwambieni kumwona nimeshakosa, aje nimsikie."

"Tunaongea kila wiki kwenye simu."

"Hiyo simu haiamini. Anasema inamletea mtoto wa kwenye kopo. Wewe mwenyewe unamjua."

Msusi alimjua. Akatazama mvuke wa chai mpaka ukaisha. Alisema atakwenda, mambo yakikaa sawa, na alipojisikia akiyatamka maneno ya Mwenye Duka kwa mdomo wake mwenyewe, aliona haya. Hasira hazikuja. Hasira zinataka nguvu.

Kesho yake alikuwa na ruhusa ya kutofika kazini, naye akawatembeza. Mwalimu alitaka kula chakula cha watu wa pale, kile hasa wanachokula wao. Kulikuwa na hoteli ndogo ya chakula ambayo Msusi aliipita kila siku akienda kazini na hakuwahi kuingia, kwa sababu alikula maharage yake nyuma ya duka. Akaingia nao kifua mbele kama mtu wa nyumbani. Orodha ya vyakula ukutani aliisoma kwa sauti, akaagiza kwa kidole, na mhudumu akaleta bakuli tatu za supu na mkate.

Mwalimu akaonja. Akaweka kijiko chini kwa utaratibu.

"Shemeji, supu hii ni ya baridi."

"Hapa ndivyo wanavyoila," alisema Msusi.

"Baridi hivi?"

"Wanasema inatunza koo."

Wakala. Mama Pacha alisifu chumvi. Walipokaribia chini ya bakuli mhudumu alitoka jikoni mbio, akaomba radhi kwamba jiko lilikuwa limezimika na hakuna aliyetambua, akazichukua bakuli zote tatu kwenda kuzipasha. Msusi alitafsiri kila kitu isipokuwa hilo. Supu iliporudi inachemka, Mwalimu aliuliza kama hiyo ni supu ya pili, akaambiwa ndiyo, hapa wanakula mbili, ya kwanza ya koo na ya pili ya tumbo. Akatikisa kichwa kwa heshima ya mila za watu.

Baada ya kula, Mama Pacha akasema anataka kitu cha kupeleka nyumbani, cha hapa hapa, kilichotengenezwa na watu wa hapa kwa mikono yao. Wakaingia maduka kadhaa. Vyungu vilikuwa vya kiwandani, vitambaa vilikuwa vya kiwandani, na sanamu moja ya mbao ilikuwa ya plastiki. Msusi alizunguka kona zote akikwepa mtaa mmoja, mpaka miguu ya Mama Pacha ikakataa kuendelea. Duka la kazi za mikono lililobaki lilikuwa lile lake. Akajipa moyo kwamba ataingia kama mteja, atanunua, atatoka.

Watu wa mji ule waliingia madukani jinsi mtu anavyoingia jikoni kwake, bila neno. Mama Pacha hakulelewa hivyo. Alisimama kizingitini, akashika mwimo wa mlango.

"Hodi," alisema.

"Karibu," vikapu vikaitika.

Viliitika vyote, vya rafuni na vilivyoning'inia darini, vikubwa kwanza, vidogo nyuma kidogo. Sauti ilikuwa ya Msusi, na ukwaruzo ule wa mtu ambaye hajaongea tangu asubuhi. Mama Pacha akasema ahsante, akavua viatu, akavivaa tena alipokumbuka ni duka. Mwalimu naye, kwa kuwa mwanamume hapigiwi hodi na mkewe, akapiga yake. Vikapu vikamkaribisha na yeye. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua kikapu cha mkate aligeuka, akakitazama alichokishika, akaendelea kukagua mshiko.

"Sauti yako hiyo," alisema Mama Pacha.

"Ni yangu," alisema Msusi.

Hakukuwa na fumbo kubwa. Kule nyumbani, kila alipomaliza kichwa cha mtu, alikipiga kofi dogo na kusema karibu tena. Huku aliendelea. Akifunga ncha ya mwisho ya kikapu alikipiga kofi na kusema karibu, maana ni mazoea, na maana mara nyingine hilo ndilo neno pekee la kwao alilolitamka siku nzima. Kumbe neno lilisukiwa ndani. Vikapu vilikaa nalo kimya miaka yote kwa sababu hakuna aliyewahi kuvipigia hodi.

Mama Pacha alitwaa kikapu kimoja, akakipitishia kiganja kuanzia ukingoni kwenda chini, akasita, kisha akajishika kisogo chake mwenyewe.

"Hii si twende kilioni?"

Ilikuwa twende kilioni, msuko ule wa haraka wa mistari iliyonyooka kwenda nyuma, anaosukwa mtu akiwa na safari ya msibani na hana muda wa urembo. Msusi aliupenda kwa sababu unaenda upesi. Kwenye kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa mshikoni palielezwa kwamba msuko huo unaitwa Njia za Mababu, na kwamba ile mistari ni vijia walivyoshukia mababu wa nchi ile kutoka milimani. Msusi akawasomea.

"Mababu wa nani?" aliuliza Mama Pacha. "Mimi nimesukwa hivi hivi kwenda kumzika mjomba. Na wewe ndiye uliyenisuka. Unakaza mwanzo, ukifika kisogoni unalegeza, mpaka leo hujaacha."

Basi ikajulikana. Msusi akawaeleza yote pale pale kati ya rafu, kwa sauti ya chini: chumba cha nyuma, kibandiko, ufagio, kibali kinachobaki mpakani. Alipomaliza alihisi amechoka zaidi. Mama Pacha hakusema pole. Alisema, "Mwite."

Mwenye Duka alikuja akiwa na kalamu sikioni. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya mtu anayelala vibaya, na alifurahi kuona Msusi ana wageni. Akawaletea viti. Kisha Mama Pacha akaanza kusema na Msusi akaanza kutafsiri, na hapo kikatokea kitu ambacho Msusi hakukitarajia. Maneno ambayo miaka yote yalimkwama kooni yalitoka yamenyooka, kwa kuwa hayakuwa yake. Alikuwa anatafsiri tu.

"Anasema vikapu hivi nimesuka mimi," alisema Msusi. "Anasema mama yangu amepofuka na ananingoja. Anasema uniandike fundi, nikamwone, nirudi."

Mwenye Duka akasikiliza mpaka mwisho.

"Sauti ni yake," Mwalimu akaongeza, akitumia kidole kama chaki. "Vyote vimeitika, hakuna hata kimoja kilichoitika kwa sauti nyingine. Jumla yake ni mtu mmoja."

Mwenye Duka akakubali kwamba sauti ni ya Msusi. Alisema ameisikia kwa masikio yake na hawezi kuikana. "Lakini kibandiko kinasema mikono," alisema. "Sauti hakijaitaja."

"Muulize basi mwenyeji ni nani," alisema Mama Pacha. "Sisi hapa tumefikia kwa nani? Nani katupokea, nani katulaza kitandani kwake, nani katutembeza mpaka miguu ikavimba? Huyu ndiye mwenyeji wetu. Kwa hiyo hii ni kazi ya mwenyeji, na kibandiko chake kiko sawasawa. Wala asikibandue. Aandike tu."

Hoja hiyo haikuwahi kumpitia Msusi akilini. Akafungua mdomo kutafsiri, akakwama. Katika lugha ya pale, mtu anayepokea wageni ana neno lake, na mtu aliyezaliwa mahali ana neno lake, na maneno hayo mawili hayana hata herufi ya undugu. Akatumia la kwanza, kwa kuwa ndilo lililokuwa kweli.

"Ni mpokea wageni mzuri," alikubali Mwenye Duka. "Sijakataa."

"Kwenye lugha yetu ni neno moja," alisema Msusi. Hilo halikuwa tafsiri. Alilisema mwenyewe.

Mwenye Duka alilifikiria kwa haki kabisa. Alitazama vikapu, akamtazama Bibi wa Dirishani, ambaye alikuwa ameacha kujifanya anasuka na anasikiliza.

"Lugha yenu ina ukarimu," alisema. "Ila kibali kinaandikwa kwa lugha yetu. Nikikuandika fundi, kibandiko kitoke. Kibandiko kikitoka, hivi ni vikapu tu, na mimi na wewe na bibi yule tutakaa nje. Tungoje mambo yakae sawa." Akatoa kalamu sikioni. "Lile neno mlilosema mlangoni, linaandikwaje?"

Mwalimu, ambaye hakuweza kumnyima mtu tahajia, alimwandikia.

Mama Pacha alinunua kile kikapu cha twende kilioni. Alisema atakipeleka kwa mama yake Msusi, awe na kitu cha kushika. Usiku ule wale marafiki wawili walilala kitanda kimoja kama zamani na Mwalimu akalala chini kwenye sakafu yenye joto, akasema ni afadhali kwa kiuno. Mama Pacha alimwambia Msusi wafungashe waondoke wote, yaishe. Msusi akauliza huko nyumbani dawa za macho ya mama na karo za watoto wa kaka zitalipwa na nani. Mama Pacha akavuta shuka, kwa sababu alikuwa anamjua huyo kaka.

Aliwasindikiza stendi, akasimama mpaka basi likakata kona. Aliporudi kazini palikuwa na kibao kipya mlangoni, kikiwataka wateja waseme HODI kabla ya kuingia. Wateja walisema. Wengine walisema odi, wengine hoti, na vikapu viliwakaribisha wote bila ubaguzi. Watu walianza kutoka miji mingine kuja kukaribishwa. Msusi, kule nyuma, alisuka mpaka mabega yakawa magumu, na kwa siku kadhaa alijaribu kumaliza vikapu bila kusema neno. Vile havikuitika, na Mwenye Duka alimletea akamwomba kwa upole avirudie.

Wateja walipouliza ni nani anayesema, ilionekana vyema Bibi wa Dirishani awe anachezesha midomo. Alifundishwa neno, akalishika upesi. Mchana mmoja alikuja nyuma na nusu yake ya kikapu, akaketi juu ya furushi la majani.

"Mdomo unachoka," alisema.

"Pole, bibi."

"Nimemwambia sauti ni yako. Ameniambia anajua." Akamtazama Msusi akikaza. "Maana yake nini, hilo neno?"

Msusi akamweleza. Bibi akasema hakumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, na kwamba ni neno zuri kuchezesha. Kisha akarudi dirishani kabla hajakosekana.

Mama Pacha alipofika nyumbani alipeleka kikapu, akatuma salamu kwamba kimepokewa vizuri, kimetundikwa ndani karibu na mlango. Msusi alipanga kupiga simu wiki iliyofuata kama kawaida. Wiki ile ikapita na kazi, mama asipige kulalamika kwamba amechelewa, nyingine ikaingia, na ndipo Msusi alipogundua kwamba hakuna mtu wa nyumbani aliyemuuliza tena anarudi lini. Akapiga simu mchana, akiwa amekaa juu ya karai lililopinduliwa.

Simu iliita sana. Mwisho ikapokewa, akasikia pumzi za mama yake.

"Hodi, mama," alisema.

"Karibu," sauti yake mwenyewe ikaitika, mbali kidogo, kutoka ukutani.

"Umesikia?" alisema mama. Alikuwa na furaha, furaha ambayo Msusi hakuwa ameisikia kwake tangu aondoke. "Mwanangu huyo, anakukaribisha. Amerudi. Kila anayekuja hapa ni yeye anayemwitikia, mimi siinuki tena. Nywele zake nimezishika, kazisuka twende kilioni, nikamwambia, mwanangu, nani kafa? Nani mwenzangu?"

Msusi alishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema. Mama angesema ni mtoto wa kwenye kopo, au angeamini, na kisha angekaa tena gizani kumngoja mtu ambaye kibali chake hakijakaa sawa. Chozi lilimtoka, moja, akalifuta kwa kiwiko maana vidole vilikuwa na maji ya majani.

"Mimi ni mgeni tu, mama."

"Mgeni gani anapita kwenye simu. Njoo siku moja ukae, unywe chai. Nyumba ina mtu sasa."

"Nitakuja."

"Usije mikono mitupu," alisema mama kwa utani, akacheka, akakata.

Mbele mlangoni watalii walikuwa wanapiga hodi kwa zamu na kuitikiwa, wakipiga tena ili wapige picha. Mwenye Duka alichungulia akasema wameingiza matope. Msusi akaweka simu mfukoni, akachukua ufagio.